Jina la Mtu Linapovuka Mpaka wa Lugha

Msafiri anayetoka Kilosa mjini kuelekea Mikumi hupita katika kata iitwayo Ulaya. Mgeni huona kichekesho kufika Ulaya bila pasipoti wala bahari, kisha husahau. Mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama hapo kidogo. Kata hiyo imo katika Wilaya ya Kilosa, na maneno haya mawili, wilaya na Ulaya (lile jina la bara la Wazungu), yana asili moja. Neno la Kiarabu wilaya lina maana ya utawala au jimbo. Lilipoingia katika Kiajemi na kutoka huko kwenda Bara Hindi, watu wa huko walilitumia kwa nchi ya ng'ambo walikotoka watawala, yaani Uingereza. Askari wa Kiingereza waliokaa India wakalichukua nao, wakaligeuza kuwa Blighty, jina la kuiita nchi yao kwa mapenzi. Katika pwani yetu neno hilo likawa na maumbo mawili: moja tukaliweka katika serikali, jingine tukalipeleka ng'ambo.

Je, Ulaya ya Kilosa nayo imetokana na neno hilo? Hapa ndipo wengi huteleza. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu. Silabi u- ni kiambishi cha nchi katika lugha nyingi za Kibantu, kama tuonavyo katika Usagara, Ukaguru na Uvidunda. Na jina la mahali huulizwa kwanza kwa wenyeji wake, katika lugha yao. Mikumi ni mfano mzuri. Anayejua Kiswahili peke yake aweza kudhani jina hilo lina uhusiano na hesabu ya makumi. Kumbe mikumi ni miti, ile jamii ya mitende mirefu ambayo Waswahili huiita mivumo.

Hata hivyo makala haya hayahusu majina ya mahali. Yanahusu majina ya watu, na hasa yale yaliyomo katika orodha ya mahudhurio ya darasa lolote la sekondari. Jambo lenyewe si dogo. Chukua mtoto aliyeitwa Asumani na bibi yake, akaandikwa Athumani katika cheti cha kuzaliwa, kisha akafika Kidato cha Kwanza kwa mwalimu msomi aliyeona kwamba "sahihi" ni Othman. Mtoto huyo anafanya mtihani kwa jina hilo la tatu. Miaka minne baadaye, anapoomba kitambulisho cha taifa, au mkopo wa masomo ya juu, karatasi zake zinaonyesha watu watatu. Kwa sababu hiyo inafaa mwalimu na mwanafunzi wajue kwa nini jina moja huwa na sura nyingi, na kwamba sura hizo hazitokani na ujinga wa wazazi. Zinafuata kanuni, nazo ni kanuni zinazoweza kupimwa.

Tuanze na kanuni iliyo rahisi kuliko zote. Katika Kiarabu majina haya hutamkwa takriban hivi: Rajab, Ayyub, Yaqub, Yusuf, Ibrahim, Salim, Maryam. Yote huishia kwa konsonanti. Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, hupenda silabi imalizikie kwa irabu, hivyo husema Rajabu, Ayubu, Yakubu, Yusufu, Ibrahimu, Salimu, Mariamu. Tazama irabu iliyoongezwa: ni u kila mara. Sasa tuchukue kundi la pili: Rashid, Daud, Khamis, Yunus, Hasan, Ramadan, Sulayman. Hawa wamekuwa Rashidi, Daudi, Hamisi, Yunusi, Hasani, Ramadhani na Sulemani. Hapa irabu ni i. Hakuna mkutano wowote wa wazee uliokaa kuamua jambo hili. Sauti b, f na m hutolewa kwa midomo, na u nayo ni irabu ya midomo iliyoviringwa. Sauti d, s na n hutolewa kwa ncha ya ulimi, na i ni irabu inayotamkwa kwa kuinua sehemu ya mbele ya ulimi. Kinywa huchagua irabu iliyo karibu na mahali kilipokwisha kufika.

Kanuni nzuri ni ile inayofanya kazi hata mahali isikotazamiwa. Toka katika majina ya watu uende kwenye maneno ya kawaida: kitab imekuwa kitabu, ilm imekuwa elimu, miskin imekuwa maskini. Toka katika Kiarabu uende kwenye Kiingereza: klabu na stempu zimepata u, risiti na tiketi zimepata i. Majina ya Biblia nayo yametii: Adamu, Yosefu, Simoni, Danieli. Penye l na r mara nyingi huja i, kama katika Bilali, Ismaili, Omari na Bakari. Penye k mambo hayajatulia. Sadiki amechukua i, Isihaka na Mubaraka wamechukua a, kwa kufuata irabu iliyotangulia. Nasoro amekwenda njia yake, na Idrisa vilevile. Mwanafunzi asikasirike kwa ajili ya hawa wachache. Awaandike pembeni na kutafuta sababu.

Irabu hiyo ya mwisho huleta matokeo mengine ambayo sikio hulisikia bila akili kuliona. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwarabu anapotamka Sulayman huweka mkazo mwishoni, kwenye -man. Mswahili akiongeza i, silabi ya -ma- inakuwa ya pili kutoka mwisho, na mkazo unabaki pale pale ulipokuwa. Lakini Salim wa Kiarabu ana mkazo mwanzoni, kwenye sa-. Akivaa u ya Kiswahili, mkazo unahamia kwenye li. Kadhalika Samuel wa Waingereza hubanwa mwanzoni na Samweli wetu hubanwa kwenye we. Ndiyo maana mtu aweza kuitwa jina lake uwanja mzima wa ndege wa ugenini asigeuke.

Konsonanti zina habari ndefu zaidi. Ramadhani ana sauti moja ya Kiarabu ambayo lugha chache sana duniani zinayo. Waswahili waliipokea kama dh, Waturuki na Waajemi wakaipokea kama z, na kusema Ramazan. Uthman ana th. Waturuki husema Osman, Wahausa Usman, watu wa Senegali huandika Ousmane kwa tahajia ya Kifaransa, nasi tukasema Athumani. Mtanzania ambaye lugha yake ya kwanza haina th husema Asumani, na hapo anafanya jambo lile lile walilofanya Waturuki na Wahausa. Yeye huchekwa, wao wameandikwa katika vitabu vya historia. Sioni sababu ya tofauti hiyo isipokuwa kwamba wao walikuwa na dola.

Suala la r na l latuhusu zaidi sisi wa bara. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi sauti hizi mbili kama Kiswahili kinavyofanya. Katika Kiganda r hutokea baada ya irabu e na i, na l hutokea kwingineko. Kwa hiyo Petro, akiisha kutengwa t na r kwa irabu, huwa Petero kwa r, lakini Mariamu huwa Maliyamu kwa l. Huo ni utaratibu kamili, wala si kuchanganya. Na hapa Kilosa mfano uko mlangoni. Wenyeji wa kaskazini ya wilaya tunawaita Wakaguru, bali wao huiita lugha yao Chikagulu. Majirani zao tunawaandika Wasagara, nao lugha yao huitwa Kisagala. Majina hayo yalipita katika vinywa vya watu wa pwani waliofuata njia za misafara, kisha katika kalamu za Wazungu; Joseph Last, mmisionari aliyeishi Mamboya, alichapisha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1886 kwa jina la Kikaguru. Basi mwalimu anayemsahihisha mtoto kwa sababu ya r na l katika nchi hii akumbuke kwamba hata jina la kabila analolijua limeandikwa kwa masikio ya wageni.

Safari ndefu kuliko zote pengine ni ya Yohana. Katika Kiebrania jina hilo lilikuwa Yohanan, na maana yake ni kwamba Mungu amefadhili, ametia neema. Wayunani walilifanya Ioannes, Walatini Iohannes. Kutoka hapo lilitawanyika: Johann na Hans kwa Wajerumani, Jean kwa Wafaransa, João kwa Wareno, Juan kwa Wahispania, Giovanni kwa Waitalia, Ivan kwa Warusi, Seán kwa Waairishi, John kwa Waingereza. Waarabu Wakristo husema Yuhanna, na Kurani humtaja Yahya. Kwa hiyo Yohana, Yahya na John wakiketi dawati moja, majina yao yanamtaja mtu mmoja wa kale. Waganda, ambao lugha yao haina h ya kawaida, walimwita Yokana. Na Hana, ambaye kwa wengine ni Anna, ametoka katika shina hilo hilo la neema. Maana yake msichana aitwaye Neema amebeba kwa Kiswahili kile ambacho Anna amekibeba kwa Kiebrania.

Herufi J imewasumbua makarani kuliko nyingine yoyote. Katika Kilatini sauti yake ilikuwa y, na Mjerumani mpaka leo husoma Johannes kama Yohanes. Mwingereza husoma j kama sisi tusomavyo katika neno jana. Mfaransa huilainisha, na Mhispania huitoa kooni. Wamisionari waliokuja Afrika ya Mashariki walitoka katika mataifa hayo mbalimbali, kila mmoja na tahajia yake, na matokeo yake ni kwamba Yakobo na Jakobo, Yosefu na Josefu, huzaliwa katika nyumba moja. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1952 inaonyesha mchanganyiko huu waziwazi. Katika Agano la Kale tunakutana na Ibrahimu, Musa, Haruni, Daudi na Sulemani, majina yaliyokwisha kuzoeleka pwani kwa njia ya Kiarabu. Lakini Isaka si Isihaka, na katika Agano Jipya tuna Yohana, Petro na Paulo, waliopita njia ya Kiyunani na Kilatini. Watafsiri walichukua majina mahali walipoyakuta.

Tukirudi kwenye Kiarabu, mwanafunzi apendaye hesabu atafurahi kujua kwamba majina mengi ya lugha hiyo, na ya Kiebrania iliyo ndugu yake, hujengwa juu ya konsonanti tatu zisizobadilika, na irabu huzunguka kati yake. Konsonanti h-m-d hubeba wazo la kusifu: Muhamadi, Ahmadi, Mahamudi, Hamidu, Hamida. Konsonanti s-l-m hubeba wazo la usalama na amani: Salimu, Salama, na upande wa Kiebrania Solomoni, yule yule Sulemani wetu. Konsonanti r-h-m zimetoa Rehema na Abdurahmani. Majina ya Kiebrania yanayomalizikia na -eli yana neno lenye maana ya Mungu: Danieli ni Mungu ndiye hakimu wangu, na Mikaeli ni swali, nani aliye kama Mungu? Wachaga waliichukua silabi hiyo na kuiunganisha na neno lao la kushukuru, aika, wakapata Aikaeli, jina ambalo nusu yake imezaliwa Mashariki ya Kati na nusu kwenye mitelemko ya Kilimanjaro.

Majina ya siku yanastahili kutazamwa kwa makini, maana yamehifadhi hesabu mbili. Jumanne amezaliwa siku ya nne, na Hamisi, kwa maana ya Kiarabu, amezaliwa siku ya tano. Mtu angetazamia wapishane siku moja. Wamepishana mbili, na katikati yao yuko Jumatano, ambayo nayo ni siku ya tano! Sababu ni kwamba Waswahili walianza kuhesabu Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya ibada, na Waarabu huanza Jumapili. Alhamisi ni ya tano ya Kiarabu, Jumatano ni ya tano ya Kiswahili, na juma letu limezikubali zote mbili bila ugomvi. Desturi ya kuwapa watoto majina ya siku haikuletwa na dini moja. Waakani wa Ghana wana jina kwa kila siku: Kofi ni mvulana wa Ijumaa, na Kwame ni wa Jumamosi. Kofi Annan angezaliwa Tanga huenda angeitwa Juma.

Majina yetu ya asili mara nyingi ni kumbukumbu ya tukio. Masika, Chausiku, Mashaka, Tabu, Sikudhani, Majaliwa: kila moja ni sentensi iliyofupishwa kuhusu saa ya kuzaliwa au hali ya nyumba. Mfano unaojulikana na kila mtoto wa shule ni wa Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922. Kambarage ni jina la pepo wa mvua katika imani ya Wazanaki. Nyerere ni viwavi. Baba yake alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa wakati wadudu hao walipoivamia nchi. Julius ni la ubatizo wa mwaka 1943, nalo ni jina la ukoo wa Kirumi. Mvua, viwavi na Roma, katika mtu mmoja.

Majina marefu hupata hasara kwa wageni. Mtemi wa Wahehe tunayemjua kwa jina la Mkwawa, ambaye mwaka 1892 askari wake waliiteketeza ngome ya Wajerumani ya Kondoa, karibu na Kilosa, kwa jina kamili aliitwa Mkwavinyika, yaani mtekaji wa nchi nyingi. Wageni walilikata, na Wajerumani katika taarifa zao wakaliandika Quawa. Mtafiti anayetafuta habari zake katika nyaraka za wakati ule asipojua tahajia hiyo atarudi mikono mitupu. Siku hizi mkataji mpya ni kompyuta. Jina la Kisukuma lenye ng', mfano Ng'wanamalundi, hupoteza alama yake ya ritifaa katika mashine zisizoikubali, na hapo sauti ya ng'ombe hugeuka kuwa ya ngoma. Alama hiyo ndogo ni sehemu ya herufi, si pambo.

Kuna jambo jingine ambalo fomu zetu hulificha. Tanzania mtu huandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na watu wa Iceland na Ethiopia nao hutumia jina la mzazi badala ya jina la familia lisilobadilika. Neno ole la Wamasai, bin la Waarabu na Mac la Waskoti yote yanamwonyesha mtu ni wa nani. Lakini Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. T. O. Beidelman, Mmarekani aliyefanya utafiti Ukaguru tangu mwaka 1957, alichapisha mwaka 1974 makala maalum kuhusu majina ya Wakaguru. Katika nchi kama hiyo majina matatu ya fomu humtaja baba na babu, na kuuacha nje ukoo ambao mtoto ni wake. Mwalimu anayeona ndugu wa ukoo mmoja wasioshirikiana hata jina moja asifikiri kwamba pana udanganyifu.

Sasa turudi kwenye orodha ya darasa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisanifu tahajia ya maneno ya Kiswahili, na kamusi zilizofuata zimeendeleza kazi hiyo. Kamusi yaweza kumwambia mwanafunzi kwamba neno ni hesabu wala si hisabu. Haiwezi kumwambia kwamba yeye si Asumani bali ni Athumani. Katika majina, tahajia sahihi ni ile iliyosajiliwa, hata kama mwanaisimu angechagua nyingine. Kabla ya majina kupelekwa kuandikishwa kwa mtihani, kila mwanafunzi asome mwenyewe herufi za jina lake, moja moja, akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Kazi hiyo haimalizi kipindi kimoja. Tofauti ikigunduliwa baada ya mtihani, mwenye jina hulazimika kutafuta hati ya kiapo kuthibitisha kwamba majina yote ni yake, au hati ya kisheria ya kubadili jina ambayo lazima isajiliwe. Kwa mzazi wa kijijini hayo yote ni nauli, ada na siku za kazi zilizopotea, kwa sababu ya irabu moja.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuifanya orodha hiyo hiyo kuwa somo. Wanafunzi wapange majina ya darasa kwa kundi la u, kundi la i, na kundi la waasi. Kisha kila mmoja aende nyumbani amwombe bibi au babu atamke jina lake, asikilize mkazo umekaa wapi na ni konsonanti gani iliyobadilika, aandike alivyosikia bila kusahihisha. Katika orodha ya shule jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti. Matamshi ya bibi yaandikwe katika daftari la pili, pamoja na jina la lugha yake na kijiji alichozaliwa.